Hana cha Kupoteza?

Kuna maneno matatu ambayo, kama ningekuwa hakimu, ningeyaweka ndani bila dhamana mpaka yajieleze. Ni haya: hana cha kupoteza. Tunayasema kila siku bila kuyapima. Kijana akidandia lori la mbao pale Makambako kwenda Dar es Salaam, mfukoni hana hata nauli ya kurudia, tunasema aende tu, hana cha kupoteza. Mlalahoi akitia sahihi karatasi asiyoweza kuisoma, tunasema yaleyale. Na mgonjwa wa ugonjwa usiopona akiletewa dawa ambayo hakuna anayejua kama itamsaidia, hapo ndugu, jirani, na hata mchungaji huungana kwa sauti moja: mpeni, hana cha kupoteza.

Mimi nasema anacho. Tena mara nyingi anacho kingi kuliko sisi tunaomsemea.

Ugonjwa ninaoutaka uwe shahidi wangu unaitwa Parkinson. Kwetu Njombe na Makambako wengi hawalijui jina hilo. Wanajua kutetemeka tu. Jina limetoka kwa daktari wa London, James Parkinson, aliyeandika kijitabu mwaka 1817 akieleza habari za wagonjwa sita. Sita tu! Na baadhi yao hakuwahi kuwatibu, aliwaona barabarani. Jambo hilo limenifurahisha tangu nilipolisoma, kwa sababu lina maana kwamba ugonjwa huu unaweza kuonwa na mtu yeyote mwenye macho na subira. Nenda Makambako, pale barabara itokayo Dar es Salaam inapogawanyika, moja ikienda Mbeya na Zambia, nyingine ikikata kushoto kwenda Njombe na Songea. Kaa stendi asubuhi ya baridi, watu wamefunga makoti hadi kidevuni. Ukiwa na bahati, au bahati mbaya, utamwona mzee ambaye mkono wake mmoja unacheza wakati umepumzika pajani, kidole gumba kikisugua cha shahada kama mtu anayehesabu noti. Akinyanyuka anakwenda hatua fupifupi, kama anayekimbilia kitu kilichodondoka mbele ya miguu yake. Uso umetulia mno. Ukimsalimia kamwene atakujibu, lakini sauti itatoka ndogo kama inatokea chumba cha pili. Na wapiga debe watakwambia hata hujawauliza: "Ulanzi huo, bwana!" Wengine watasema karogwa, kuna mgogoro wa shamba. Wenye huruma watasema ni uzee.

Kumbe ndani ya ubongo kuna chembe zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini, ambayo isipokuwapo ya kutosha mwili unashindwa kutii vizuri amri ya kwenda. Chembe hizo zinakufa polepole, miaka na miaka, na mkono unapoanza kucheza nusu yake au zaidi zimekwisha potea. Hakuna aliyepata njia ya kuzifufua. Kilichopo ni levodopa, dawa iliyoanza kuleta ahueni kubwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Mwili huigeuza kuwa dopamini, mkono hutulia, miguu hukubali kwenda. Ila chini kwa chini chembe zinaendelea kufa. Wanaoujua mteremko wa Kitonga watanielewa: levodopa inafukia mashimo ya barabara ili abiria wasirushwerushwe, waweze hata kupiga soga, lori lenyewe bado linateremka. Wanachotafuta watafiti siku hizi ni breki.

Na breki hiyo wanaitafuta kwenye kabati la dawa za zamani. Hoja yao ni ya mtu mwenye akili ya duka. Dawa mpya huchukua miaka mingi na fedha za kutisha, lakini dawa iliyokwisha kutumiwa na mamilioni tunajua inadhuru nini, basi kwa nini isijaribiwe kazi nyingine? Bahati imewahi kuwabeba. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1960, huko Boston, mama mmoja mwenye Parkinson alipewa amantadini ili kujikinga na mafua. Akaja kumwambia daktari wake, Robert Schwab, kwamba alipokuwa akimeza vidonge vile ugumu wa mwili ulipungua, na alipoviacha ukarudi. Amantadini inatumika mpaka leo kutuliza dalili.

Sisi wa Njombe tusijifanye wageni wa habari hii. Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulionyesha kwamba mkoa wetu ndio wenye kiwango kikubwa kuliko yote cha VVU, asilimia 12.7 ya watu wazima. AZT, dawa ya kwanza kuidhinishwa dhidi ya UKIMWI, mwaka 1987, ilikuwa imetengenezwa mwaka 1964 kwa ajili ya saratani. Ikashindwa kazi, ikawekwa kando. Wapo watu tunaokunywa nao chai leo, wanaolima viazi na kusomesha watoto, ambao maisha yao yanatokana na ukoo wa dawa ulioanzia hapo. Mtu fulani alirudi kabatini. Na watu fulani, ambao majina yao hatuyajui, walikubali miili yao itumike kujua jibu.

Lakini kabati lina mizaha yake. Kuna dawa ya kisukari iitwayo eksenataidi, asili yake ni mate ya mjusi mwenye sumu wa jangwa la Marekani (hilo peke yake ni hadithi fupi, anayetaka aiandike). Mwaka 2017 madaktari wa London walitangaza matokeo ya wagonjwa 62 wa Parkinson: walioipata walionekana nafuu kuliko wasioipata. Ikawa vifijo. Wakarudia jaribio kwa watu 194, wiki 96, na mwaka 2025 jibu likatoka: hakuna tofauti. Ndugu yake, liksisenataidi, ilijaribiwa Ufaransa kwa watu 156 na mwaka 2024 ikaonyesha kwamba kwa mwaka mmoja walioipata karibu hawakuzidiwa, ingawa kichefuchefu kiliwasumbua. Mlango huo haujafungwa. Isradipini, dawa ya shinikizo la damu, ilijaribiwa kwa watu 336 Marekani na Kanada: patupu.

Sasa nifike kwenye dawa iliyonifanya niandike. Inaitwa ambroksoli. Ni dawa ya kikohozi, ile ya kulainisha makohozi, na imekuwa ikiuzwa duniani tangu miaka ya 1970. Iligundulika kwamba inaamsha kimeng'enya kimoja kinachosaidia chembe za mwili kuondoa taka zake, na inafikiriwa kwamba katika Parkinson taka hizo, protini zilizojikunja vibaya, ndizo zinazoua chembe. Mwaka 2020 yalitangazwa matokeo ya jaribio dogo la London. Dawa ilionekana kufika kwenye maji ya uti wa mgongo na kukipandisha kimeng'enya hicho. Basi. Haikuthibitishwa kwamba inapunguza mwendo wa ugonjwa, maana jaribio halikupangwa kuthibitisha hilo. Ndiyo maana limeandaliwa jaribio kubwa huko Uingereza, watu 330, miaka miwili, nusu wapewe ambroksoli na nusu wapewe kidonge kitupu kinachofanana nacho.

Mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, anauza duka la dawa Makambako. Alinipigia simu usiku.

"Kaka, umesikia hii ya dawa ya kikohozi?"

"Nimesikia."

"Mimi ninayo hapa kabatini. Nimwanzishie mzee?"

Mzee ni baba mdogo, fundi cherehani. Mkono wake wa kulia ulianza kucheza zamani, akafichaficha kwa kuushika na wa kushoto. Zahanati moja ilimpa dawa ya malaria, mara mbili. Kuna jirani aliyeacha kumpelekea vitambaa kwa kuwa aliamini mzee amezama kwenye ulanzi, naye ni mtu asiyegusa pombe. Alipokuja kujulikana kuwa ni Parkinson, miaka ilikuwa imepita.

"Utampa kiasi gani?" nikamwuliza.

Akanyamaza. Kule London walitumia gramu 1.26 kwa siku. Kidonge cha kawaida kina miligramu 30. Piga hesabu mwenyewe, ndugu msomaji: vidonge 42 kwa siku, kila siku, na mzee mwenyewe kumeza kwake ni kwa shida, maana ugonjwa huu unafika mpaka kooni.

"Kaka," akasema, "mzee hana cha kupoteza."

Nikawaza: haya, tuhesabu.

Kwanza kuna deferiproni. Hii ni dawa ya kuondoa madini ya chuma yaliyozidi mwilini, wanaitumia watu wenye magonjwa ya damu wanaoongezewa damu kila mara. Katika ubongo wa mwenye Parkinson chuma hujikusanya mahali palepale chembe zinapofia. Basi mantiki ilikuwa nzuri kabisa: ondoa chuma, okoa chembe. Wakaijaribu kwa watu 372 ambao ugonjwa ulikuwa mwanzoni na ambao walikuwa hawajaanza levodopa. Matokeo yalitoka mwaka 2022. Waliopewa dawa walizidiwa kuliko waliopewa kidonge kitupu. Asilimia 22 ya waliopata dawa ilibidi waanzishiwe tiba ya kawaida kabla ya muda kwa jinsi walivyoshuka; kwa wale wa kidonge kitupu hawakufika asilimia 3. Breki iliyogeuka kuwa mafuta! Watu hao nao, bila shaka, kuna waliowaambia kwamba hawana cha kupoteza. Walikuwa nacho: uwezo wa kufunga kifungo cha shati, wa kugeuka kitandani usiku bila kumwamsha mtu. Anayejua thamani ya vitu hivyo ni mwenye kuvipoteza, siye mwenye kumtazama.

Pili, na hapa ndipo ugonjwa huu unapokuwa na ujanja usio wa kawaida, matumaini yenyewe ni dawa kidogo. Mwaka 2001 watafiti wa Vancouver, Kanada, waliwadunga wagonjwa wa Parkinson sindano isiyo na dawa, wao wakidhani huenda ni dawa. Picha za ubongo zikaonyesha kwamba ubongo ulitoa dopamini yake wenyewe. Kweli kabisa, si kujidanganya. Kwa hiyo mdogo wangu angempa mzee vidonge 42, na mzee angeweza kuamka kesho akatembea vizuri zaidi, na sote tungepiga kelele kwamba dawa imepatikana, na Makambako nzima ingekuja dukani. Baada ya miezi, lori lingekuwa limefika palepale lilipokuwa likienda.

Tunalo somo la jambo hili hapahapa nchini. Mwaka 2011 Mchungaji Ambilikile Mwasapile wa Samunge, Loliondo, alikuwa akigawa kikombe kwa shilingi 500, na Tanzania nzima ikapanda magari. Foleni ilikwenda kilomita na kilomita. Viongozi walikunywa, makabwela walikunywa, wenye VVU na kisukari walikunywa, na baadhi yao waliacha dawa zao. Sitaki kumcheka aliyekwenda. Mwenye mgonjwa ndani ya nyumba hachekwi. Ninachosema ni kwamba watu wengi kiasi kile walijaribu dawa moja kwa pamoja, na kwa kuwa hapakuwa na wa kulinganishwa nao, mamia ya maelfu ya miili haikutupatia jibu hata moja la kuaminika. Huko ndiko kupoteza.

Kwa hiyo nakubaliana na watafiti: kidonge kitupu kinahitajika. Mtu fulani lazima akimeze bila kujua, ili wa kesho ajue. Je, mtu huyo ni nani, na anadaiwa nini kabla ya kuombwa? Hilo ndilo swali langu, na ndipo Njombe inapoingia.

Tuseme kesho linaletwa jaribio kama lile la Uingereza, linafunguliwa Njombe mjini na Makambako, umbali wa kilomita kama 60 kati yake. Tunayo picha ya nchi yetu kutoka Wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Huko, mwanzoni mwa mwaka 2006, watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika jamii ya watu 161,071 wakitafuta wenye Parkinson. Walipata 33. Kati ya hao, zaidi ya robo tatu hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Ukichukua kiwango kile na kukitandaza kwa watu karibu 890,000 wa mkoa wa Njombe kwa sensa ya 2022, unapata watu kama 180. Ni hesabu yangu ya karatasini tu, lakini inatosha kuonyesha jambo: wengi wa watu 180 hao wako sasa hivi majumbani, wakiitwa walevi.

Mtu kama huyo hajapata levodopa. Anakujia mtu mwenye koti jeupe na karatasi, anamweleza habari ya breki. Nusu watapata, nusu hawatapata. Atakubali? Atakubali mara moja! Atakubali kwa sababu ndiyo mara ya kwanza mtu aliyesoma amekaa naye saa nzima akamshika mkono unaotetemeka bila kumnusa mdomo. Ridhaa hiyo ni ridhaa? Mimi nina wasiwasi nayo. Na kuna jambo dogo linalonisumbua: ugonjwa huu hupunguza mwandiko, herufi huanza za kawaida na kuzidi kuwa ndogo kadiri mkono unavyokwenda, mpaka mwisho wa mstari zinakuwa kama sisimizi. Sahihi ya ridhaa yenyewe ni dalili. Isitoshe, kwa desturi zetu mzee hasaini peke yake. Mtoto wa kwanza amekwisha amua sebuleni, mchungaji amebariki, na kukataa ni kuwaaibisha wageni.

Wenye jaribio wana hoja yao, nami nisiwaonee. Watasema: hao waliopata kidonge kitupu hawakupoteza kitu, maana nje ya jaribio wasingepata chochote.

Hoja hiyo naijua, ina umri. Mwaka 1994 ilithibitika Marekani na Ufaransa kwamba AZT ikitolewa kwa mama mjamzito mwenye VVU, na kwa mtoto akizaliwa, hupunguza kwa theluthi mbili maambukizi kwa mtoto. Mwaka 1996 likaanza jaribio lililoitwa PETRA, katika Afrika Kusini, Uganda na Tanzania. Dar es Salaam ilikuwamo. Lilihusu wanawake 1,797, dawa ikitolewa kwa mipango mitatu mifupi, na kundi la nne likipewa vidonge vitupu. Mwaka 1997 majarida ya kitabibu ya Marekani yakawaka moto. Wakosoaji wakasema: mnajua kuna dawa inayozuia, mnawezaje kuwapa wengine kitu kitupu, na kule kwenu msingethubutu? Wateteaji, wakiwamo Waafrika, wakajibu: mpango mrefu hauwezekani kwetu, tunatafuta mfupi unaowezekana, na akina mama hawa nje ya jaribio hawana kitu. Kundi la vidonge vitupu lilifungwa mwaka 1998. Mtoto alipofikisha wiki sita, maambukizi yalikuwa karibu 6 kwa 100 kwa waliopata mpango kamili, na 15 kwa 100 kwa waliopata vidonge vitupu. Kufikia miezi 18 kunyonyesha kulikuwa kumemeza sehemu kubwa ya tofauti hiyo.

Mpaka leo watu wenye akili timamu hawakubaliani juu ya PETRA. Jibu lake lilisaidia, siwezi kulikana. Lakini ile sentensi, "nje ya jaribio wasingepata chochote", ndiyo mjomba wake "hana cha kupoteza". Inachukua umaskini wetu, ambao ni jambo lililofanywa na watu na linaloweza kubadilishwa na watu, inaugeuza kuwa hali ya hewa. Kana kwamba Njombe kukosa levodopa ni sawa na Njombe kuwa na baridi mwezi wa saba. Halafu juu ya ukosefu huo inajengwa ruhusa ya kufanya kwetu kisichofanyika kwao. Huko Uingereza anayeingia kwenye jaribio la ambroksoli anaendelea na levodopa yake. Kidonge kitupu kinawekwa juu ya tiba, hakikai mahali pa tiba. Kidonge kilekile Makambako, kwa mtu asiye na levodopa, ni kitu kingine kabisa.

Mpaka hapa msomaji anaweza kudhani nasema wasije. La hasha! Hapo ndipo ninapoachana na rafiki zangu wanaoona kila mtafiti ni mkoloni mwenye sindano. Mwaka 2023 lilichapishwa jambo ambalo kila kijana wa Kiafrika anayependa kusema "sisi si panya wa maabara" alitakiwa alisome. Watafiti, wengi wao wa Nigeria, walipima jeni za watu wenye asili ya Afrika, wenye Parkinson na wasio nayo. Katika jeni iitwayo GBA1, ile inayotoa maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya nilichokitaja, kile kinachoamshwa na dawa ya kikohozi, wakakuta badiliko ambalo kwa Wazungu karibu halipo kabisa. Mwenye nakala moja uwezekano wake wa kuugua hupanda mara moja na nusu hivi, mwenye mbili mara tatu na nusu. Karne mbili tangu kijitabu cha 1817, na jambo hilo lilikuwa halijulikani, kwa sababu walikuwa hawajaulizwa wenye nalo.

Maana yake nini? Jaribio likifanyika Uingereza peke yake na jibu likawa ndiyo, ndiyo hiyo huenda isiwe yetu. Likiwa hapana, huenda dawa ikatupwa kapuni kabla ya kujaribiwa kwa watu ambao ingewafaa kuliko wote. Ukimfungia mzee wa Njombe mlango wa jaribio kwa jina la kumlinda, unamtoza gharama nyingine asiyoiona: ugonjwa wake, kwa namna ulivyo ndani ya mwili wake, unabaki haujulikani. Kulindwa kwa aina hiyo ni kuachwa. Nafurahi kwamba upo mradi wa utafiti wa Parkinson unaojumuisha nchi saba za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwamo, ambao kwanza unawatafuta wagonjwa na kuwajua. Hapo ndipo pa kuanzia.

Basi msimamo wangu ni huu, na anayeupinga aniandikie. Levodopa itangulie. Isiwe zawadi ya kuingia kwenye jaribio, maana hapo inakuwa chambo. Itolewe kwa aliyesema ndiyo na kwa aliyesema hapana, miezi kadhaa kabla ya mtu yeyote kuulizwa chochote. Mzee akishatulia mkono, akaweza kukata kitambaa na kuandika jina lake lisomeke, hapo ndipo aulizwe kama anataka kumsaidia mtu wa kesho. Mtu aliyeshiba ndiye anayeweza kukataa sahani. Watafiti wataniambia hiyo ni gharama kubwa. Sawa, ni gharama. Ila wasiiite ukarimu, kwa kuwa wanachokuja kuchukua Njombe, yaani jibu, hakipatikani London kwa bei yoyote.

Na levodopa isiondoke na magari yao. Kuianza halafu kuikosa ghafla ni hatari kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mwili unaweza kukakamaa na homa kali ikampeleka mtu kaburini.

Nilimweleza mdogo wangu sehemu ya haya, si yote, maana salio lilikuwa linakwisha. Alikasirika kidogo. "Nyie wa vitabu," akasema, "mnataka mzee asubiri?" Swali la haki. Nilimjibu kwamba kuna dawa ya zaidi ya nusu karne ambayo mzee hajawahi kuonja, na kabla ya kumlisha vidonge 42 vya kikohozi tungeanza na hiyo. Akasema ataulizia hospitali ya rufaa Mbeya.

Baadaye nilizungumza na baba mdogo mwenyewe, ambaye mpaka hapo hakuna aliyekuwa amemwuliza. Nilimweleza habari ya jaribio la Wazungu, nusu na nusu, na kidonge kitupu. Alisikiliza kimya, sauti yake ndogo ikachukua muda kufika.

"Mwanangu, huyo wa kitupu, baada ya miaka miwili wanamwambia?"

Nikasema, kwa kawaida, jaribio likiisha, huambiwa.

"Na ile nzuri, kama ni nzuri kweli, anapewa?"

Nikamwambia inategemea kilichoandikwa kwenye karatasi.

"Basi hiyo karatasi uniletee niisome mimi," akasema, "siyo huyu wa dukani."

Wiki iliyofuata walipanda basi la Mbeya asubuhi, yeye na mdogo wangu. Ambroksoli imebaki dukani, kwa wenye kikohozi.